Kisiki Kikubwa cha Tetu

Wangeci, mama yangu,

Mmekwenda Kiriaini na mama yako kumuaga nyanya yako, na mimi nimebaki hapa kwenye kibanda cha trekta, mvua inapiga mabati. Nimeona niandike sasa kabla hamjarudi. Jioni nyumba itajaa watu. Shangazi zako watataka kuomba kwa zamu, kila mmoja kwa sauti kuliko mwenzake, na mimi nitakaa pembeni kama kawaida yangu, nikiangalia nani amekuja na kwa nini.

Naandika Kiswahili kwa sababu Kikuyu ukikisoma kwenye karatasi unajikwaa kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Hilo ni kosa langu na la shule, tuliache.

Mambo ya neti, maji ya kuchemsha na mafuta ya kujipaka, mama yako ameyasema na kesho atayasema tena ukiwa umeshika mlango. Sitayarudia. Nataka kukuandikia habari za kile kisiki kikubwa cha Tetu. Utasema, lakini baba, si mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti? Ni kweli, ni wewe. Ila hukujua nilichokuwa nikiwaza, na kuna siku mbili katika habari hiyo ambazo hukuwepo kabisa. Tulirudi nyumbani, tukaosha trekta, tukapata kazi nyingine Chaka, tukanyamaza. Sasa unakwenda Garissa kuendesha mashine ambayo gurudumu lake moja ni refu kuliko mimi, na sitaki uende na nusu ya hadithi.

Unajua watu wa Endarasha wanavyonisema nikiwa sipo. Wanasema mtu akinisalimia habari ya asubuhi, nauliza kwanza ni nani ametaka kujua. Nimewasikia, na nimeshuku kwamba aliyeanza ni mjomba wako.

Sikuzaliwa hivyo. Nilipokuwa kijana, kabla sijamuoa mama yako, nilikuwa nikimwamini kila mtu na kila kitu. Kisiki cha kwanza kilichonifundisha kilikuwa cha mti wa muwati, kilikuwa kimeoza kwa juu mpaka uyoga unamea. Nilikitazama nikasema hiki nitakivuta kwa mnyororo tu, hakuna haja ya kuchimba. Nikafunga mnyororo juu kwenye trekta ya kuazima, nikakanyaga mafuta. Kisiki hakikusogea hata kidogo. Trekta ndiyo iliinuka magurudumu ya mbele kama farasi, na kama nisingeruka upande ule niliorukia, wewe usingekuwepo. Lile kovu la begani unalolijua ndipo lilipotoka. Kwa juu kilikuwa kimeoza, kwa chini kilikuwa kizima kabisa.

Halafu wakaja watu. Rafiki yangu wa Chaka, ambaye tulikula naye ugali sahani moja, aliniuzia pampu ya haidroli akaapa kwa jina la mama yake kwamba ni mpya. Ilikuwa imepakwa rangi. Ilikufa siku ile ile nikiwa katikati ya shamba la mtu. Tangu hapo nikawa nachokonoa kila kitu kwa ukucha kuona kama rangi itabanduka. Wewe umekua ukiniona hivyo. Ulipokuwa mdogo ulidhani ndivyo baba wote walivyo.

Na kwa kazi yetu, tabia hiyo imetulisha. Nilikufundisha kwamba kila kisiki kinaficha kitu. Kwamba uzunguke kwanza kwa mguu kabla ya kupanda kwenye kiti. Kwamba uulize bomba la maji limepita wapi, kisha usiamini jibu, uchimbe kwa jembe uone mwenyewe. Kwamba uteremshe ile miguu ya chuma ya pembeni, uikanyage, ungoje, uone kama udongo unadanganya. Kwamba ukate mizizi ya pembeni kwa meno ya ile ndoo ya kuchimbia iliyo kwenye mkono wa trekta, mmoja mmoja, na ule mzizi wa chini uutafute kwa upande wa mteremko. Ulikuwa mwanafunzi mzuri. Mikono yako ni mipole kuliko yangu, na hilo nililiona mapema ingawa sikulisema.

Sasa basi, Tetu.

Bwana Kiragu alitupata kupitia kwa watu wa kanisa. Alikuwa amenunua lile shamba la juu ya mto, karibu na msitu, akataka visiki vya mikaratusi ving'olewe apande parachichi. Alikuja hapa nyumbani mwenyewe, amevaa koti safi, na kabla ya kunywa chai aliomba. Aliombea trekta. Aliombea mpaka mikono yako. Nilipomtajia bei hakubisha. Mimi, ambaye nachokonoa kila kitu kwa ukucha, huyo sikumchokonoa. Nilimwambia mama yako, huyu ni mtu wa Mungu.

Alikuwa na sharti moja tu, na utakumbuka jinsi alivyolisema, kama jambo dogo.

"Mkishang'oa, mchome siku hiyo hiyo. Sitaki visiki vilale hapo. Vinaleta mchwa."

Nilikubali. Visiki vibichi vya mkaratusi havishiki moto siku hiyo hiyo, kila mtu anajua. Hata hivyo nilikubali.

Niliyemshuku alikuwa Cucu Nyaguthii, yule bibi mzee jirani wa shamba.

Siku ya kwanza tu alikuwa amekaa kwenye ukingo, ng'ambo ya ua, na kiondo chake anakisuka, macho kwetu. Siku ya pili tena. Hakusalimia mpaka asalimiwe. Ajuza kama yule, na baridi ile ya Tetu, ana nini cha kutazama kwenye visiki? Nilimuuliza Kiragu kwa simu, akacheka kidogo.

"Huyo bibi umuache huko nje. Ati hao ndio watu wanatafuta njia ya kurudisha shamba. Akiingia, kesho utasikia ana kesi."

Basi nikawa na sababu. Na asubuhi ya siku iliyofuata nilipochovya kijiti kwenye tangi, dizeli ilikuwa imepungua kuliko nilivyoiacha. Nilitazama ile nyumba yake chini ya mteremko, nikaona wajukuu wake wawili wamesimama nje, nikamaliza hesabu yangu papo hapo. Bibi anachungulia mchana, vijana wanakuja gizani. Nilikuambia hivyo, ukanijibu huku ukipangusa kioo.

"Baba, amekaa hapo anasuka tu."

"Wewe humjui."

"Na wewe unamjua?"

 Wakati wa chai ulichukua kikombe chako ukampelekea kupitia kwenye ua, ukakaa naye. Niliwatazama kwa kioo cha pembeni cha trekta, nikijifanya naangalia tairi. Uliporudi nilikuuliza amesema nini.

"Ameuliza tutafika lini kwa kile kikubwa. Amesema tukifika, tumuite. Nimemwambia tutamuita."

Kile kikubwa kilikuwa peke yake, juu kidogo ya mstari wa vingine, kipana kama meza ya watu wanane, na vichipukizi vimemea pande zote. Mkaratusi uliokatwa na kuota, ukakatwa na kuota. Nikajiambia, kumbe ni hicho anachokitaka. Kuna mpaka hapo, au kuna kitu amekizika, au atalala juu yake kesho na wanasheria. Moyo wangu ulijaa mambo ya kila aina, na hakuna hata moja nililokwenda kumuuliza yeye mwenyewe, ingawa alikuwa amekaa umbali wa kurusha jiwe.

Niliamua tuanze na hicho kikubwa asubuhi na mapema kabla hajapanda kutoka kwake. Wewe nilikuambia ni kwa sababu ya mvua ya mchana. Haikuwa mvua, na nadhani ulijua. Ulisema, "Tulimwahidi." Nikasema, "Wewe ndiye uliahidi." Nikampigia Kiragu nikamwambia tunaanza mapema, akasema atakuja mwenyewe. Jambo hilo nalo lilipaswa kunishangaza. Mwenye shamba anayeamka alfajiri kuja kutazama kisiki kinang'olewa, na hakuja kutazama vingine vyote.

Ulichimba vizuri siku ile. Ulikizunguka, ukakata mizizi, ukaingia chini kwa upande wa mto. Nilikuwa nimesimama pale unapoweza kuniona ukiwa kwenye kiti, nikikuongoza kwa ishara za mkono. Kiragu alikuwa nyuma yangu, mikono mfukoni. Kisiki kilipoanza kuinama, ulikiinua polepole, na udongo ukawa unaanguka kutoka kwenye mizizi. Kisha mkono wa trekta ukasimama hewani.

"Mbona umesimama?" nikapaza sauti.

Ulinyoosha kidole tu.

Nilishuka shimoni. Mzizi mmoja mnene kama paja ulikuwa umezunguka kitu kama mtu anavyokumbatia mzigo. Niliona mfupa mrefu, nikaona mwingine. Halafu nikaliona taya. Bado sijaweza kulisema hili vizuri hata kwa mama yako. Meno yalikuwa yote, meupe, ya kijana.

Kiragu alikuja ukingoni akachungulia.

"Hiyo ni mifupa ya ng'ombe," alisema. "Watu walikuwa wanazika ng'ombe wakikufa na ugonjwa. Rudisha udongo, mzee. Kisiki kiende kwa moto."

"Mimi nimechinja ng'ombe," nikamwambia. "Sijaona ng'ombe wa meno haya."

"Basi ni ya zamani. Ya zamani haina mwenyewe. Unataka polisi hapa? Trekta yako itakaa kituoni mpaka ishike kutu. Mimi nakuambia kama ndugu."

Nataka ujue kilichokuwa kichwani mwangu wakati huo. Nilikuwa nahesabu. Nilikuwa nawaona polisi, safari za Nyeri, maswali, trekta chini ya jua nyuma ya kituo na mtu akiifungua betri. Nilikuwa nawaza kwamba alichosema Kiragu kina maana. Nilikuwa tayari nimeinama, nimeshika koleo, na kama ningeachwa pale peke yangu kwa muda wa kuvuta pumzi chache tu, sijui. Ninaliandika kama lilivyo. Sijui.

Wewe ulishusha mkono wa mashine mpaka chini, taratibu, ukaweka kile kisiki kando kama mtu anayelaza mtoto. Ukazima injini. Ukachomoa ufunguo ukautia kwenye mfuko wa ovaroli, ukashuka, ukapita mbele yetu sisi wawili bila kututazama, ukatoka kwenye lango.

"Mzee," Kiragu alisema, "mwite mtoto wako."

"Huyo ndiye dereva," nikamwambia. Ndilo jambo la pekee la maana nililosema asubuhi ile, na sina hakika nililisema kwa ushujaa. Labda nilifurahi tu kwamba ufunguo sikuwa nao mimi.

Ulirudi umemshika Cucu mkono. Alikuwa amejifunga leso kichwani haraka haraka, mguu mmoja una kiatu na mwingine una kandambili. Alisimama kwenye ukingo, akatazama, akakaa chini kwenye udongo ule mbichi. Hakulia. Alisema jina moja, Wachira, kama mtu anayemwita mwenzake kwenye chumba cha pili. Ndipo akatuambia, na wewe uliyasikia, lakini acha niyaandike ili yawe kwenye karatasi.

Wachira alikuwa kaka yake mkubwa. Alikuwa msituni na wapiganaji wakati ule wa vita vya kudai uhuru, akashuka usiku kutafuta chakula nyumbani, akapigwa risasi karibu na mto. Mama yao na jirani mmoja walimzika palepale kabla hakujapambazuka. Askari wakipita asubuhi wangeona udongo mpya na kuuliza. Mama akasema tupande mche, tukiulizwa tutasema ni miti ile tuliyoamriwa kupanda.

"Mimi ndiye nilishika mche," Cucu alisema. "Nilikuwa mdogo, mikono yangu ndiyo iliingia kwa ile shimo vizuri. Halafu mashamba yakagawanywa upya, hapa pakawa pa watu wengine. Mama alikufa akituambia, msimsahau chini ya ule mti."

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia tangu siku ya kwanza. 

"Huyu nilimwambia," akasema, akimwonyesha Kiragu kwa kidevu. "Siku alinunua, nilienda nikamwambia. Akasema natafuta shamba. Sasa nyinyi mlikuja na yeye. Mimi ningejua aje nyinyi ni watu wa aina gani?"

Kumbe siku zote zile, nikimtazama kwa kioo cha pembeni, naye alikuwa akinitazama. Alinishuku kwa haki kuliko nilivyomshuku.

Yaliyofuata unayajua. Chifu alikuja, polisi wakaja wakazungusha utepe, wakachukua majina yetu, wakasema pasiguswe. Kiragu akafunga lango kwa kufuli, trekta ikiwa ndani. Polisi walikuwa wametuambia tunaweza kuiondoa ile mashine, ni shimo tu lisiguswe. Yeye akasema shamba ni lake na lango ni lake. Tukarudi Endarasha kwa miguu na lifti za watu, na mimi nilikuwa nimekukasirikia. Nadhani uliliona hilo. Siku zile nilikuwa nakaa hapa kibandani nikitazama mahali palipobaki mafuta sakafuni. Simu za kazi zilikuwa zinakuja, kutoka Chaka, kutoka kwa yule mwalimu wa Nanyuki, na mimi nawaambia wangoje, na wao wanatafuta mtu mwingine.

Sasa nakuja kwenye zile siku ambazo hukuwepo. Ulikuwa umekwenda Nanyuki wiki nzima kwa ajili ya mtihani wa leseni ya mashine kubwa. Siku ya kwanza ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Kiragu alikuja hapa na sukari, mkate na unga, akamsalimia mama yako, akaomba, akanywa chai. Kisha akaniomba tutoke nje tuzungumze.

"Mzee, mimi na wewe hatuna ubaya," alisema. "Wewe sema tu kwamba ile mifupa ilitoka nje ya ua, pale kwa barabara, ndoo ikaivuta ikaingia ndani. Pale ni kwa serikali, si kwangu. Kesho asubuhi unachukua trekta yako."

"Na yule mama?"

"Yule mama atazika mtu wake, nani amemkataza? Mimi sitaki tu isemekane ati shamba langu ni makaburi. Nani atanunua parachichi ya makaburi?"

Aliongea vizuri, Wangeci. Lilikuwa jambo dogo namna hiyo, mita chache za udongo. Sikumfukuza. Nilimwambia nitafikiria, na nilifikiria kweli. Mama yako aliuweka ule mkate kabatini akakataa kuukata.  Ukaota ukungu humo humo.

Katikati ya wiki nilikwenda Tetu peke yangu. Sikwenda kwa wema. Nilikwenda kumchunguza Cucu. Nilitaka kuona nyumba yake, nione kama kuna wakili, kama kuna watoto wenye magari, kama kuna alama yoyote kwamba Kiragu alisema kweli na huyu bibi anatafuta shamba. Ningeipata alama hiyo, ningeweza kusema uongo na kulala vizuri.

Nilikuta vyumba viwili na jiko. Alinikaribisha, akanipa viazi vitamu vya moto. Wale wajukuu wawili walikuwa wanapasua kuni, wakaja kunipa mkono kwa heshima. Niliitazama mikono yao kama ina harufu ya dizeli. Ndiyo, hata wakati huo. Wiki chache baadaye fundi alikuja kugundua kipaipu kilichopasuka chini ya tangi, kilikuwa kinadondosha polepole kila usiku.

Alinitazama nikila, kisha akasema, "Baba Wangeci, umekuja kuangalia kama mimi ni mwizi."

Nikakirudisha kiazi kwenye sahani.

"Si vibaya," akasema. "Uliza."

Basi nikauliza. Nilimuuliza anataka nini na lile shamba.

"Shamba ni lake, alilipa. Sitaki hata mahali pa kusimama. Nataka mtu wangu tu. Na wewe unataka nini?"

"Trekta yangu," nikasema. 

Alicheka mpaka akapangusa macho. "Sasa si twende kwa chifu? Kila mtu aseme kile anataka."

Tulikwenda wote wawili, yeye na fimbo yake, mimi nyuma yake nikibeba kiondo chake. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza atasema nini juu yangu. Anajua kwamba nilianza kuchimba mapema ili asinione. Anajua nilivyochelewa kutoka shimoni. Ofisini kulikuwa na watu wengi, na Kiragu alikuwa ameitwa naye akaja. Chifu akasema wazee kwanza, akampa Cucu nafasi.

Alisimama. Watu wakanyamaza, maana kila mtu alijua habari ya mifupa na alitaka kusikia juu ya Wachira. Cucu akasema:

"Kwanza huyu afunguliwe trekta yake. Hiyo ndiyo kazi yake na ya mtoto wake, na wao hawana makosa. Mambo ya kaka yangu yamengoja miaka yote hii, yanaweza kungoja mpaka lango lifunguliwe."

Akakaa.

Mimi nimepigwa na chuma, nimeangukiwa na gogo, nimekatwa na mnyororo uliokatika. Sijawahi kupigwa kama siku ile. Nilikuwa nimekwenda na ule uongo wa Kiragu mfukoni, bado sijautupa. Chifu akaniuliza, "Wewe ndiye ulikuwa hapo. Mifupa ilitoka wapi?" Nikasema ilitoka chini ya kisiki kikubwa, ndani ya ua, hatua kadhaa kutoka kwenye lango, na kwamba nilikuwa nimeshika koleo nikitaka kuifunika, na binti yangu ndiye aliyezuia. Niliyasema yote hayo mbele ya watu. Kiragu alitazama viatu vyake. Alifungua lango jioni ile ile, na tangu hapo tukikutana hunisalimia kwa sauti kubwa, mbele za watu.

Hayo ndiyo sikukuambia. Uliporudi kutoka Nanyuki ukakuta trekta iko kibandani, ukauliza imerudije, nikasema chifu amesaidia. Ulikuwa umefaulu mtihani, tukala kuku, yakapita.

Mazishi uliyaona mwenyewe. Ulichimba lile kaburi kwa trekta pale nyumbani kwa Cucu kwa sababu alikuomba. Vijana walikuwa wamekuja na majembe kama ilivyo desturi, lakini yeye akasema huyu msichana ndiye alimtoa kwa upole, huyu ndiye atamchimbia. Nilisimama pale unapoweza kuniona, ila safari hii sikukuonyesha ishara yoyote ya mkono. Kuta zilinyooka. Mzee mmoja kando yangu aliuliza ni nani amekufundisha, na mimi nikasema sijui.

Sasa mvua imepungua na najua mko njiani. Nimesoma nilichoandika na nimeona sijakupa shauri lolote la kufunga kwenye leso. Kama ningekuambia uache kushuku, ningekuwa nadanganya, na ungekufa chini ya mteremko wa kwanza. Shuku udongo. Shuku mnyororo, shuku breki ya mashine iliyoendeshwa na mtu mwingine kabla yako. Kwa watu, mimi sijui vizuri. Nilimpa kiti aliyeniombea na nikamwacha nje ya ua aliyekaa kwenye baridi. Yule bibi aliniambia, uliza, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanya hivyo badala ya kuchungulia.

Kuna jambo moja la mwisho, afadhali ulisikie kutoka kwangu. Juzi nilipiga simu Garissa. Nambari niliitoa kwenye simu yako ulipokuwa unaoga, usimwambie mama yako. Nilizungumza na yule msimamizi atakayekupokea. Nilimuuliza mambo mengi, mengine hayakuwa haki yangu kuyauliza. Alijibu yote. Aliongea vizuri sana, na unajua jinsi hilo linavyonisumbua. Nimekaa nalo siku mbili, nikiligeuza. Sauti ile ingeweza kuwa ya mtu mwema na ingeweza kuwa ya Kiragu mwingine, na mimi kutoka hapa Endarasha sina ukucha mrefu wa kufika huko.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Nenda umtazame mwenyewe. Kisha unipigie uniambie ulichoona, nami nitalichukua neno lako kama lilivyo, bila kumuuliza mtu wa pili.

Baba yako